Bunduki za Mitumba

Kwa sheria ya shirikisho ya Marekani, bunduki ya Mauser ya mwaka 1871 si bunduki. Ina mtutu, ina kitako, ukiitia risasi inaua kama kawaida, lakini kwa kuwa ilitengenezwa kabla ya 1899, sheria ya silaha ya mwaka 1968 inaihesabu kuwa kitu cha kale. Majimbo mengine yana masharti yao, ila kwa serikali kuu unaweza kuiagiza ukaletewa mlangoni bila leseni. Kwetu Tanzania hata gobore la kufukuzia ngedere shambani linatakiwa liwe na kibali.

Niliposoma hilo kwa mara ya kwanza nilicheka, halafu kicheko kikakata. Mauser hiyo ninaifahamu. Ndiyo bunduki iliyokuwa mabegani mwa askari wa Mjerumani kuanzia vita vya pwani mwaka 1889, ikawa mikononi mwao wakati wa Maji Maji, ikaingia nayo kwenye vita vya 1914. Bunduki iliyotutawala karibu miaka thelathini, huko wenzetu imeshahamia kwenye orodha ya mapambo.

Basi nikaanza kuwafuatilia hao wanaoikusanya. Ni kabila la peke yake. Hawataki bunduki mpya. Wanataka za majeshi yaliyokwisha kuzitupa: Mauser za Wajerumani, Lee-Enfield za Waingereza, Mosin-Nagant za Warusi, Carcano za Waitaliano. Wanazinunua zikiwa zimepakwa grisi nzito iliyoganda kwa miaka ya ghalani, wanazisafisha kwa siku kadhaa, wanasoma mihuri iliyogongwa kwenye chuma kama sisi tunavyosoma utangulizi wa kitabu, na Jumamosi wanazipeleka kwenye uwanja wa shabaha. Hilo la mwisho ndilo lililonivutia. Wao hawatosheki kuitazama bunduki. Wanataka kujua ilikuwaje kuitumia.

Biashara yenyewe si ngeni kwa mtu aliyezaliwa Dar es Salaam au Nairobi. Jeshi la Ulaya likibadili bunduki, zile za zamani hufungwa, huuzwa kwa jumla, zikapelekwa kwa asiye na uwezo wa kununua mpya. Sisi tunaiita mitumba. Baada ya vita vya Marekani na Hispania mwaka 1898, mfanyabiashara wa New York aitwaye Francis Bannerman alinunua shehena kubwa ya silaha zilizotekwa, akazihifadhi kwenye kisiwa kidogo katika mto Hudson. Katika miaka ya 1950, Samuel Cummings alianzisha kampuni iliyozunguka maghala ya Ulaya ikizoa bunduki za vita viwili vikuu na kuziuza Marekani kwa bei ya kutupa. Moja ya bunduki za aina hiyo, Carcano iliyotengenezwa Italia mwaka 1940, iliagizwa kwa posta kutoka duka la Chicago ikiwa na darubini yake kwa dola 19.95. Novemba 1963 ikamuua Rais Kennedy, na ile sheria ya 1968 ikafunga mlango wa mitumba ya kijeshi kutoka nje hadi ulipofunguliwa tena kwa sehemu katika miaka ya 1980. Siku hizi hata bunduki kuukuu za maghala ya Ethiopia zinauzwa huko. Zimo zilizotengenezwa Italia na Ufaransa karne ya kumi na tisa, zikazeekea Afrika, sasa zinavuka Atlantiki kwenda kutundikwa ukutani.

Lakini kuna jambo moja ambalo wakusanyaji wanalijua na vitabu vyetu vya historia hulipita haraka. Mauser ya 1871 ilipofika Afrika Mashariki, ilifika tayari ikiwa mtumba.

Hesabu miaka. Ndugu wawili, Wilhelm na Paul Mauser wa mji wa Oberndorf, waliibuni bunduki hiyo, na dola jipya la Ujerumani likaichukua mara tu baada ya kuungana. Ilikuwa ya milimita 11, yenye komeo unalolinyanyua na kulivuta kama la mlango. Ilimeza risasi moja tu kwa wakati mmoja: unafyatua, unafungua komeo, ganda linatoka, unatia nyingine. Kwa mwaka 1871 hiyo ilikuwa silaha ya kisasa. Mwaka 1886 Wafaransa wakatoa bunduki ya Lebel, ikitumia baruti mpya ya Paul Vieille isiyotoa moshi, na usiku mmoja, tuseme hivyo, kila bunduki nyingine duniani ikawa ya zamani. Wajerumani wakahaha, wakatoa bunduki yao mpya mwaka 1888. Sasa zile Mauser za 1871, malaki kwa malaki, zingeenda wapi?

Mwaka uliofuata Hermann von Wissmann alishuka pwani yetu kupambana na Bushiri bin Salim. Alikuwa na askari wa Kisudani waliokusanywa Misri na wengine wa Kishangani kutoka Msumbiji, na mikononi mwao akawapa Mauser 71. Wapenzi wa ushairi wanaijua vita hiyo kupitia utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy. Desemba 1889 Bushiri akanyongwa Pangani. Silaha iliyomshinda ilikuwa imekwisha kustaafishwa kwao.

Mtu anaweza kusema: ya zamani au mpya, si iliua? Kweli iliua. Ila ubora wa silaha ni kitu cha kulinganisha, na waliokuwa upande wa pili walikuwa na gobore. Mwaka 1890, kwenye mkutano wa Brussels, mataifa ya Ulaya yalikubaliana kuzuia silaha za kisasa zisiwafikie Waafrika wa eneo kubwa la bara hili. Walichotuachia ni gobore la kushindilia mdomoni. Kwa hiyo mtumba wa Berlin ukawa silaha ya juu kabisa Bagamoyo, kwa kuwa mnunuzi mwingine alikuwa amekatazwa kuingia sokoni.

Hata ukiipata kwa nguvu haikutosha. Tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe wa Mkwawa waliuvamia msafara wa Emil von Zelewski pale Lugalo, wakamuua yeye na askari wake wengi, na wakaondoka na bunduki zipatazo 300. Kwa hesabu ya kawaida hilo ni jeshi zima. Lakini muulize mtu yeyote anayeifyatua Mauser 71 leo akwambie tatizo lake la kwanza: risasi. Gobore ni kama jiko la mafiga, unalilisha ulichonacho, iwe vipande vya chuma, kokoto au risasi uliyoyeyusha mwenyewe. Mauser inataka ganda lake maalumu la shaba nyeupe au njano lenye kipimo chake, na kiwasho chake chini. Mkusanyaji wa leo huliagiza ganda hilo kwa mafundi wachache wanaolitengeneza, analipima baruti nyeusi gramu 5 hivi, analifunga kwa kipande cha risasi cha gramu 25, na akishafyatua analiokota ganda ili alijaze tena, maana ni ghali. Bila ganda ni gongo lenye chuma. Wahehe walikuwa na ujasiri, walikuwa na mbinu, na baada ya Lugalo walikuwa na bunduki. Kiwanda cha risasi kilikuwa Ujerumani. Mkwawa aliendelea kupigana hadi 19 Julai 1898, alipojipiga risasi asikamatwe.

Halafu Maji Maji. Wengi wetu tuliijua vita hii kupitia tamthilia ya Ebrahim Hussein, *Kinjeketile*, na swali linalotusumbua darasani ni lilelile: watu walikubalije kwamba maji yatageuza risasi? Nadhani swali hilo linaulizwa upande mmoja tu. Watu wa Matumbi waliolimishwa pamba kwa nguvu, mwaka 1905, walikuwa wameziona Mauser kwa miaka kumi na tano. Walijua zinavyofanya kazi. Walijua kwamba hawana ganda, hawana baruti ya kutosha, na Brussels wameshafungiwa mlango. Ukishanyimwa silaha ya kulingana na ya adui, unabaki na njia moja, kuiondolea nguvu ile yake. Kinjikitile Ngwale alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa vimeanza tu. Tarehe 30 mwezi huohuo maelfu ya wapiganaji walikwenda wima kuelekea boma la Mahenge mbele ya bunduki za rashasha. Wajerumani wenyewe walikadiria vifo 75,000 hadi vita vinaisha; wanahistoria wengine wamefika 250,000 hadi 300,000, wengi wakifa kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa.

Sasa nirudi kwenye moshi, maana hapo ndipo wapiga shabaha walinifundisha kitu. Nimeangalia video nyingi za Mauser 71 zikifyatuliwa. Kila risasi inatoa wingu jeupe, zito, linalosimama mbele ya mpigaji. Siku isiyo na upepo, baada ya risasi tatu nne hamuoni tena ubao wa shabaha. Mkusanyaji mmoja wa Marekani niliyezungumza naye kwa simu alinieleza kwamba wageni wakija uwanjani huuliza nini kinaungua. Pia alinieleza kwamba jioni lazima aioshe kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kuipaka mafuta, maana masizi ya baruti nyeusi hunyonya unyevu, na ukilala nayo hivyo asubuhi mtutu una kutu. Hapo nilinyamaza kidogo. Kumbe maji na Mauser wana uhusiano wao.

Ukishauona moshi ule, Novemba 1914 pale Tanga unaisoma upya. Wanajeshi wapatao 8,000 kutoka India waliteremshwa ufukweni chini ya Jenerali Arthur Aitken. Paul von Lettow-Vorbeck aliwangoja akiwa na watu kama elfu moja, na kampuni zake nyingi bado zilibeba Mauser 71. Mwaka 1914, ishirini na nane baada ya Lebel! Katika vita ya minazi na mashamba ya mpira, ambako kujificha ndiyo uhai, askari mweusi alikuwa akifyatua bunduki inayompandishia bendera nyeupe ya moshi juu ya kichwa: nipo hapa. Lettow-Vorbeck mwenyewe analikiri hilo katika kumbukumbu zake alizozichapisha 1920. Alijua baruti ile inawafichua watu wake. Tanga alishinda, tena vibaya kwa Waingereza, lakini tazama alichofurahia zaidi baada ya ushindi: bunduki za kisasa walizoziacha ufukweni, za kutosha kampuni tatu, rashasha 16, na risasi 600,000.

Ng'ambo ya Tanganyika hali ilifanana. Askari wa Kikongo wa jeshi la Wabelgiji walianza vita na Albini, bunduki ya milimita 11 ya baruti ya moshi, kuukuu kuliko hata Mauser. Yaani wakoloni wawili waliwapanga Waafrika kupigana wao kwa wao kwa mitumba ya Ulaya.

Aprili 1915 meli ya Kijerumani *Rubens*, ikijifanya ya Denmark, ilijaribu kuleta bunduki mpya. Ikashambuliwa na manowari ya Waingereza katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikakwama na kuwaka moto. Shehena ikaopolewa, lakini risasi zilikuwa zimeingia maji ya chumvi. Zikafunguliwa moja moja, baruti ikaanikwa, zikafungwa tena. Nani alizianika? Kumbukumbu za maofisa zinataja kazi. Mikono iliyoifanya hazina muda nayo.

Novemba 1917 Lettow-Vorbeck akavuka Ruvuma, akawapiga Wareno pale Ngomano, na sehemu kubwa ya askari wake wakachukua bunduki za Kireno. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 25 Novemba 1918, alipojisalimisha Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, walikabidhi bunduki 1,071. Zote za Kiingereza na Kireno. Hata bunduki moja ya kisasa ya Kijerumani haikuwemo.

Nambari hiyo inawatesa wakusanyaji, na naelewa kwa nini. Katika ulimwengu wao bei hupanda kama namba zote zinalingana: namba ya mtutu, ya komeo, ya kishikio. Wajerumani walikuwa hodari wa kugonga namba. Kwenye bunduki ya jeshi unaweza kukuta 12.R.5.87, ukajua ilikuwa ya kikosi cha kumi na mbili, kampuni ya tano, silaha ya themanini na saba. Kila mkaguzi wa kiwanda aliacha herufi yake yenye taji. Mkusanyaji yule wa simu anaweza kunisomea bunduki yake yote namna hiyo: ilitengenezwa wapi, mwaka gani, ilikaguliwa na nani. Nilimuuliza kama kuna mahali popote kwenye chuma kile panapoweza kumtambulisha aliyeibeba. Akanijibu kwa upole kwamba hakuna. Chuma kilihesabu bunduki. Watu walihesabiwa kwenye makaratasi, na makaratasi ya askari wetu ni machache.

Ndiyo maana mkasa mmoja aliousimulia Charles Miller katika kitabu chake *Battle for the Bundu* (1974) haunitoki. Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari waliobaki hai mishahara yao ya vita. Kwa masimulizi ya Miller, wazee kama 350 walijitokeza Mwanza. Wachache walikuwa na vyeti walivyopewa 1918. Wengine walileta vipande vya sare. Wengi hawakuwa na kitu. Mtu wa benki akapata wazo. Kila mzee alipopita mbele alipewa ufagio, akaamriwa kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki. Hakuna hata mmoja aliyekosea.

Mkasa huu husimuliwa kama kichekesho au kama sifa ya uaminifu wa askari. Mimi unanikwaza. Kwanza, kuna mzee wa miaka sabini anayeshikishwa ufagio ili alipwe haki yake ya nusu karne. Pili, wale hawakuwa watu wa kuonewa huruma tu. Wapo wenzao waliochoma maghala ya nafaka Ungoni na Umatumbi kwa bunduki ileile. Lakini kuliko yote, mkasa unaonyesha kumbukumbu ilikuwa wapi. Haikuwa kwenye chuma. Ilikuwa kwenye mabega na viganja vya wazee, na kila aliyezikwa alizikwa nayo. Abdulrazak Gurnah katika *Afterlives* (2020) ilimbidi awabuni watu kama hao, kwa sababu majina halisi tumebakiwa nayo machache mno.

Pale katikati ya Dar es Salaam, tangu 1927, Mnara wa Askari umesimama na bunduki yake, singe imeelekezwa bandarini. Fundi aliichonga bunduki kwa makini. Jina la askari halipo. Wapagazi nao waliachiwa jina la soko, Kariakoo, na Nairobi Kariokor, hatua chache tu kutoka kwenye marobota ya mitumba ya Gikomba.

Sina hamu ya kuona watu wetu wakianza kutundika Mauser sebuleni. Bunduki haramu zisalimishwe. Umoja wa Afrika umetenga mwezi mzima wa Septemba kwa kazi hiyo, na polisi hutangaza kwamba anayesalimisha kwa hiari haulizwi. Najua ni kauli ya kumtuliza mwenye nayo, na ni sawa. Ila humo ndani, kati ya magobore na bunduki za kienyeji, mara nyingine hutokea chuma cha zamani kilichopita kwa babu hadi mjukuu, halafu kinakatwa au kuchomwa pamoja na vingine. Kwa nini tusikiulize kwanza? Si kumuuliza mtu kosa lake. Tupige picha ya namba, tuandike iliokotwa wapi, nani aliibeba, nani alisimulia. Dakika kumi zinatosha. Wamarekani wana bunduki na hawana majina. Sisi, katika baadhi ya nyumba, bado tuna wanaoyajua majina, na wengi wao wamevuka miaka themanini.